Bwawa dogo la udongo la kukinga mafuriko: anza na utoro (njia ya kutorosha maji ya ziada), tuta baadaye

Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ya ardhi ni mita 10 za ujazo za maji, na kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1. Shika hesabu hiyo, tutairudia. Mvua ya milimita 100 ikinyesha kwenye dakio la hekta 40, yaani eneo lote linalomwaga maji yake katika korongo moja, zinaanguka tani 40,000. Ardhi ikinywa nusu, tani 20,000 zilizobaki zinashuka kuelekea mashamba, vivuko na nyumba za bondeni.

Bwawa dogo la udongo linaweza kuyashika maji hayo kwa muda na kuyaachia polepole. Likijengwa vibaya, au likiachwa bila mtu wa kulitazama, linayakusanya maji ambayo yangepita kwa saa nyingi na kuyamwaga yote kwa dakika chache. Mwongozo huu ni wa mwenye ardhi anayetaka kujenga bwawa la namna hiyo, na wa yule aliyerithi au kununua ardhi akalikuta limekwisha jengwa. Mhandisi bado unamhitaji. Ila ukijua haya utamwuliza maswali ya maana, na utatambua fundi anapotaka kuruka hatua ili kupunguza kazi.

Kwanza, elewa kazi yake

Bwawa la kukinga mafuriko hufanya kazi kwa utupu wake. Nafasi iliyo nyuma ya tuta ndiyo chombo, na chombo kilichojaa hakipokei kitu. Lina sehemu tatu. Tuta la udongo huzuia maji. Bomba lililo chini huyatoa polepole, mchana na usiku, bila kufunguliwa na mtu. Utoro ni njia pana ya pembeni inayotorosha maji ya ziada siku ambayo mvua imezidi uwezo wa bwawa.

Kati ya sehemu hizo, watu hulipenda tuta. Linaonekana, linapigwa picha, na hela nyingi huenda huko. Utoro unaonekana kama shimo lisilo na kazi, hivyo unafukiwa, unazibwa kwa mbao ili maji yabaki ya kunyweshea mifugo, au unawekewa wavu ili samaki wasitoroke. Hapo ndipo mabwawa mengi ya watu binafsi huharibika.

Mfano unaojulikana zaidi ni bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa tuta la udongo mali ya klabu ya uvuvi na uwindaji. Mabomba ya chini yalikuwa yameshang'olewa na hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ulishushwa ili magari ya farasi yapite. Kwenye utoro ziliwekwa nyavu za kuzuia samaki, zikanasa takataka. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, maji yalipita juu ya tuta, tuta likakatika, na mji wa Johnstown ulio chini ukapoteza watu 2,209. Miaka 117 baadaye, tarehe 14 Machi 2006, bwawa la Ka Loko kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, nalo la mtu binafsi, lilivunjika na kuua watu 7. Uchunguzi ulihitimisha kwamba maji yalipita juu ya tuta kwa sababu bwawa halikuwa tena na utoro.

Udongo uliopandwa majani unaweza kuvumilia mvua miaka mingi. Hauwezi kuvumilia mto ukipita mgongoni mwake. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inaanza na swali moja: maji ya ziada yatapita wapi?

Hatua ya 1: Tembea bondeni kabla ya kupanda kilimani

Kabla ya kupima chochote, shuka kwa miguu kufuata korongo kutoka pale unapofikiria kujenga. Nenda mbali, kilomita kadhaa. Andika kila nyumba, shule, kivuko, kisima, nguzo ya umeme. Jiulize: bwawa likijaa kisha likavunjika saa nane usiku, nani amelala njiani?

Wahandisi hupanga mabwawa kwa daraja la hatari, na watu wengi hulielewa vibaya neno hilo. Daraja la hatari halisemi bwawa ni bovu. Linasema nini kitatokea likivunjika. Tuta zuri kabisa lenye nyumba mbili chini yake ni la hatari kubwa. Tuta bovu lililo juu ya pori tupu ni la hatari ndogo. Daraja hilo ndilo linaloamua ukubwa wa mvua ambayo utoro wako lazima uimudu, na mara nyingi ndilo linaloamua kama utapewa kibali. Nenda kwenye mamlaka ya maji ya eneo lako mapema, kabla ya kuchimba hata kipande. Zungumza pia na majirani wa chini, kwa kuwa wao ndio watakaobeba kosa lako.

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Bwawa likishazuia mafuriko miaka kumi, bonde linaonekana salama, na watu wanajenga pale ambapo zamani hakuna aliyethubutu. Bwawa halijabadilika, lakini hatari yake imepanda. Kwa hiyo matembezi haya yarudiwe kila mwaka.

Ukikuta nyumba nyingi, fikiria upya. Makinga maji kwenye miteremko, miti na majani juu ya dakio, na vizuizi vidogo vya mawe kwenye makorongo hupunguza mafuriko bila kulimbikiza maelfu ya tani mahali pamoja. Mara nyingine bwawa linalofaa zaidi ni lile ambalo halikujengwa.

Hatua ya 2: Hesabu za karatasi moja

Hesabu hizi ni za kukupa picha; hesabu za kujengea zifanywe na mhandisi.

Ujazo wa bwawa katika bonde la kawaida hukadiriwa hivi: upana wa maji kwenye tuta, mara urefu wa maji kurudi nyuma, mara kina kikubwa, gawa kwa 6. Upana ukiwa mita 100, urefu mita 200 na kina mita 4, unapata takriban mita za ujazo 13,300. Linganisha na zile 20,000 za mwanzo. Umeona? Bwawa halitoshi kushika dhoruba yote, na utoro utafanya kazi usiku huo. Hilo si kasoro. Lakini kama utoro hukuupangia, ndipo msiba ulipo.

Maji ya kilele, yaani wingi wake kwa sekunde, hukadiriwa kwa kuzidisha sehemu ya mvua inayotiririka, ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na hekta za dakio, kisha kugawa kwa 360. Nusu ikitiririka, mvua ya milimita 100 kwa saa, hekta 40: unapata karibu mita za ujazo 5.6 kwa sekunde. Utoro wenye maji ya kina cha nusu mita hupitisha takriban nusu mita ya ujazo kwa sekunde kwa kila mita ya upana wake. Basi unahitaji utoro wa mita 12 hivi. Ni upana wa barabara nzuri ya magari mawili na nafasi inabaki. Ukiona fundi amekuchorea kamtaro ka mita 2, mrudishe kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Mahali na udongo

Tafuta pale bonde linapobana kama shingo ya kibuyu na kupanuka nyuma yake. Tuta litakuwa fupi na nafasi ya maji kubwa. Tafuta pia bega la ardhi imara upande mmoja, ambako utoro unaweza kuchimbwa kwenye ardhi ya asili. Bega hilo likikosekana, hama. Epuka chemchemi, vichuguu, miamba iliyopasuka na kingo zilizowahi kuporomoka.

Sasa udongo. Chimba mashimo ya kupimia kwenye mstari wa tuta na pale utakapotoa kifusi, kina cha mita 2 au 3, na ingia ndani yake uangalie kuta. Unataka kuona udongo wenye mfinyanzi wa kutosha. Mshipa wa mchanga unaopita chini ya tuta ni bomba ambalo hukulinunua.

Chukua konzi ya udongo, ilowanishe, iviringishe viganjani hadi iwe uzi mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Usipokatika, mfinyanzi upo. Kisha fanya jaribio ambalo ningeomba asiliruke mtu yeyote. Jaza glasi maji ya mvua yaliyo safi. Dondosha ndani yake bonge la udongo lenye ukubwa wa punje ya mahindi, uliache bila kulitikisa kwa dakika 10, kisha tena kwa saa moja. Bonge likivunjika na kutulia chini, huku maji yakibaki maangavu, ni kawaida. Likianza kutoa wingu jeupe linalotanda kama maziwa kwenye maji, huo ni udongo unaoyeyuka wenyewe. Kwa macho na kwa mkono unafanana kabisa na mfinyanzi mzuri, unashikamana, unang'aa ukikatwa. Ndani ya tuta, ufa mdogo tu ukipitisha maji, kuta zake huyeyuka na ufa kuwa shimo. Ukiona wingu hilo, simama upate ushauri wa maabara.

Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi nao una matatizo yake. Bwawa lako litakaa tupu muda mrefu, hivyo tuta litakauka na kufunguka nyufa, kisha mvua ya kwanza itazikuta wazi. Bwawa la kunyweshea mifugo, ambalo huwa na maji mwaka mzima, halina shida hiyo kwa kiwango hicho.

Hatua ya 4: Chora utoro kabla ya tuta

Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili, kamwe usiwe juu ya kifusi. Sakafu yake pale inapoanza iwe bapa na ya usawa mmoja toka ukingo hadi ukingo, ili maji yatandae. Maji yakibanwa sehemu moja huchimba. Ipande majani yanayotambaa na kushika ardhi, wala usipande miti. Njia ya kutokea ipinde mbali, irudi korongoni chini kabisa, maji yasiguse mguu wa tuta. Mteremko wake ukiwa mkali, weka mawe au zege, kwa kuwa maji yanayokimbia zaidi ya mita 2 hivi kwa sekunde huanza kuyashinda majani mengi.

Mgongo wa tuta uwe juu ya sakafu ya utoro kwa mita 1 au zaidi. Katika mfano wetu, kina cha maji hadi sakafu ya utoro ni mita 4, tuta ni mita 5. Utoro ukipitisha maji ya nusu mita, nusu mita nyingine inabaki ya mawimbi na ya makadirio yaliyokosewa.

Hatua ya 5: Msingi

Ondoa majani, mizizi yote na udongo wa juu wenye mboji, sentimita 15 hadi 30. Uweke kando, utautandaza juu ya tuta mwishoni ili majani yaote. Kisha chimba mtaro wa msingi katikati ya mstari wa tuta, kutoka bega hadi bega, hadi ufikie tabaka lisilopitisha maji na kuingia ndani yake angalau sentimita 60. Uwe mpana kiasi cha mashine kuingia na kushindilia. Ujaze kwa udongo wako bora. Mtaro huo hautaonekana tena na mtu yeyote, na ndiyo sababu inavutia kuuruka. Uwepo mwenyewe siku unapofukiwa.

Hatua ya 6: Bomba

Pale bomba linapokatiza tuta ndipo palipo dhaifu kuliko pote. Maji hayahitaji kutoboa bomba. Yanafuata ngozi yake ya nje, mahali ambapo udongo haukushindiliwa vizuri kwa sababu rola haifiki. Kwa hiyo lilaze kwenye ardhi ya asili iliyochongwa vizuri, lisilale kwenye kifusi kinachoweza kushuka. Pande zake shindilia kwa mkono, tabaka nyembamba za sentimita 10, hasa chini ya mbavu za bomba ambako watu husukuma udongo kwa mguu na kuondoka.

Zamani mafundi walivisha bomba kola za zege kila baada ya mita kadhaa ili kukata njia ya maji. Siku hizi wahandisi wengi hupendelea kulizungushia bomba tabaka la mchanga safi uliochaguliwa, katika sehemu ya tuta iliyo upande wa nje, likiwa na njia ya kutolea maji. Mchanga huo huruhusu maji kupita na kuzuia chembe za udongo zisiondoke nayo. Mwombe mhandisi wako aueleze kwenye mchoro, pamoja na ukubwa wa chembe zake.

Mdomo wa bomba uwe kwenye mnara mdogo wa zege, wenye nondo zilizopangwa kuzuia matawi. Upande wa kutokea, bomba lizidi mguu wa tuta na limwage maji juu ya mawe. Kipenyo kichaguliwe ili bwawa lililojaa litoke maji lote kwa siku chache, isizidi kumi, maana dhoruba hufuatana. Kumwaga zile mita 13,300 kwa siku tatu ni kutoa wastani wa lita 51 kwa sekunde.

Hatua ya 7: Tuta

Mgongo uwe mpana mita 3 au zaidi. Ubavu wa ndani, unaogusa maji, ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo. Ubavu wa nje, mita 2.5 kwa 1. Tuta la mita 5 basi lina kitako cha mita 30 na nusu. Watu wengi hushtuka wakisikia hivyo, kwa sababu walifikiria ukuta. Tuta la udongo ni kilima.

Mwaga udongo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, shindilia, ndipo umwage nyingine. Unyevu ndio siri. Finyanga bonge mkononi, liangushe kutoka kifuani: likivunjika vipande viwili vitatu, uko sawa. Likitawanyika kama vumbi, nyunyiza maji. Likibonyea tu bila kupasuka, limelowa mno, subiri likauke. Kabla ya tabaka inayofuata kwaruza uso wa ile iliyotangulia ili zishikane.

Tingatinga si mashine ya kushindilia. Minyororo yake imetengenezwa kutawanya uzito isizame, na wewe unataka uzito ukusanyike. Tumia rola yenye vidole kama kwato za kondoo. Vidole hivyo huzama mwanzoni na kupanda juu kadiri udongo unavyokaza, hadi rola inatembea juu juu. Ukiona hivyo, tabaka imeiva.

Ongeza kimo kwa asilimia 5 hadi 10, kwa kuwa udongo utaketi, na katikati ya tuta pawe juu kidogo kuliko mabegani. Tandaza ule udongo wa juu, panda majani, weka uzio mifugo isipite.

Hatua ya 8: Mvua ya kwanza

Tuta ambalo halijawahi kuguswa na maji halijajaribiwa. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, kubwa mno kuliko lako, lilivunjika likiwa linajazwa mara ya kwanza, tarehe 5 Juni 1976: asubuhi waliona maji yenye tope yakitoka ubavuni, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Maliza ujenzi mapema kiangazi. Mvua za msimu wa kwanza zikija, mtu awe zamu kila maji yanapopanda, usiku na mchana, mwenye tochi na simu.

Kulitunza

Kagua kila mwezi, kabla ya msimu wa mvua, na kila baada ya mvua kubwa. Pita kwa mpangilio uleule: mgongo, ubavu wa ndani, ubavu wa nje kwa kukatiza huku na huku, mguu wa tuta, mabega yote mawili, mdomo wa bomba na pale linapotokea, utoro hadi mwisho wake. Kuwa na daftari moja la bwawa, lenye tarehe na kimo cha maji.

Jambo litakalokusumbua zaidi ni maji yanayotoka upande wa nje. Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na uvujaji peke yake si ugonjwa. Ninachokifanya mimi ni hiki: nachuchumaa pale yanapotokea, naweka ndoo na kuhesabu sekunde hadi ijae, kisha nachota chupa ya kioo iliyo safi na kuiweka juani kwenye jiwe. Naitazama baada ya nusu saa. Maji yakiwa maangavu na chini hakuna kitu, naandika na kuondoka. Siku moja niliona utando mwembamba wa rangi ya tuta umetua chini ya chupa, hauzidi unene wa karatasi. Kwa mbali maji yalionekana safi kabisa. Utando ule maana yake tuta linaliwa kutoka ndani na vipande vyake vinabebwa nje, punje kwa punje. Nilimpigia mhandisi simu siku hiyohiyo. Tope kwenye maji, au maji yanayoongezeka wakati kimo cha bwawa hakijapanda, hayasubiri kesho.

Na usizibe kamwe mahali maji yanapotokea. Mkono unatamani kupiga udongo pale, lakini maji yaliyozibwa hutafuta njia nyingine ndani ya tuta na kulilowesha zaidi. Ukiona pale chini maji yanabubujika na kujenga kichuguu kidogo cha mchanga chenye tundu juu, pazungushie viroba vya mchanga kama kisima ili maji yapande ndani yake na kupunguza nguvu, au pafunike kwa mchanga safi, kisha changarawe, kisha mawe. Maji yatoke, chembe zibaki.

Miti ing'olewe ingali miche. Mti mkubwa uliokwisha ota kwenye tuta usiukate na kuuacha. Mizizi ikioza huacha mahandaki. Unachimbwa pamoja na mizizi yake wakati bwawa ni tupu, shimo linajazwa upya kwa tabaka na kushindiliwa, mhandisi akisimamia. Mashimo ya panya na fuko yajazwe uji wa udongo sehemu 9 na saruji sehemu 1, ukimiminwa hadi ujae mdomoni. Vichuguu vichimbwe hadi chini.

Nyufa zinazofuata urefu wa tuta huweza kuashiria ubavu unateleza. Zinazokatiza tuta ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni mlango wa maji. Piga vigingi pande zote mbili za ufa na upime umbali kila wiki, ufunike kwa turubai mvua isiingie, mwite mhandisi.

Mara moja kwa mwaka pima mgongo kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Shusho la sentimita 20 mahali pamoja halionekani kwa jicho, na ndipo maji yatakapoanzia kupita. Tope lililojaa bwawani liondolewe kiangazi: kila mita ya ujazo ya tope ni mita ya mafuriko ambayo hutaishika. Usichimbe hadi kugusa mguu wa ndani wa tuta.

Usiku wa hatari

Tarehe 9 Mei 2018, baada ya majuma ya mvua nyingi, bwawa la udongo la mtu binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya, lilivunjika usiku. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani. Kwa hiyo andika mpango sasa, kukiwa na jua: ramani ya nyumba zilizo njiani, namba za simu za kila moja, nani anampigia nani, mahali pa juu pa kukimbilia, na namba za mamlaka. Bandika nakala ukutani, na wape majirani za kwao.

Dalili za kutoa watu mara moja ni hizi: maji ya tope yanayoongezeka upande wa nje, kizingia cha maji kinachozunguka ndani ya bwawa, shimo linalotitia kwenye tuta, ubavu unaoteleza, au maji yaliyo karibu kufika mgongoni. Piga simu kwanza, matengenezo baadaye. Usitafute uhakika, watu kurudi nyumbani wakinung'unika kwa kuamshwa bure ni usiku mwema.

Baada ya simu, shusha maji: safisha mdomo wa bomba kama unafikika salama, weka pampu, au panua utoro upande ulio mbali na tuta. Usikate tuta lenyewe. Mkato mdogo kwenye tuta lililojaa hupanuka wenyewe na hakuna atakayeuzuia. Pasipo dharura, shusha maji taratibu, karibu sentimita 30 kwa siku, la sivyo ubavu wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka ukikosa maji ya kuuegemea.

Ukishindwa kulitunza

Kuna siku mwenye bwawa atazeeka, au watoto watahamia mbali, au ardhi itauzwa. Anayepokea apewe daftari, michoro na orodha ya simu pamoja na hati, na atembezwe kwenye tuta lote kwa miguu.

Asipopatikana wa kulipokea, bwawa livunjwe kwa mpangilio. Omba kibali, subiri kiangazi, hakikisha ni tupu. Tope lililo nyuma yake liondolewe au lipandwe majani kwanza, lisije likashuka lote kwa mvua moja. Kisha fungua mwanya hadi usawa wa sakafu ya korongo la asili, chini yake uwe mpana kama korongo lenyewe au zaidi, na kuta zake zilale kwa mteremko mpole, mita 2 au 3 kwa kila mita 1. Bomba ling'olewe. Udongo uliotoka utandazwe mahali ambapo maji hayafiki, mwanya upandwe majani, na msimu wa kwanza wa mvua rudi mwenyewe uhakikishe kwamba maji yanapita bila kusimama.